Tabaka la Tatu

Bronislava hana kipimajoto.
Anachovya kijiti cha kiberiti kwenye nta,
anakiinua dirishani, anakikodolea jicho moja,
kisha anasema: bado.
Nimelisikia neno hilo tangu saa nane mchana.

Jikoni kwake, ghorofa ya tatu, Panevėžys,
Oktoba inakwisha kwa mvua isiyoamua kuwa theluji.
Kwenye sufuria ya maji limesimama kopo la njegere,
na koponi vipande vya mishumaa ya miaka yote:
vya Krismasi, vya kanisani, vya siku za kukatika umeme,
vishina vyenye masizi kama meno ya mvuta tumbaku.
Hatupi kitu, mavyaa huyu.
Hata mimi hakunitupa
mwanawe alipohamia Bergen kuchomelea meli,
barua zake zikawa fupi, kisha zikawa pesa,
kisha zikawa kimya.

Kalibu yetu ni pakiti ya maziwa iliyokatwa shingo.
Juu, utambi umefungwa kwenye penseli;
chini umebanwa na nati
niliyoitoa kwenye baiskeli yake.

Wa kwanza niliuharibu. Nta ilikuwa moto mno,
mshumaa ukatoka laini, unang'aa kama wa dukani.
Mavyaa akaugeuzageuza, akaguna.
"Huu umenyolewa. Nataka wenye ndevu."
Kumbe unangoja nta iwe nzito kama uji wa mgonjwa
ndipo umimine;
pakiti inaishtua kwa baridi
nayo inaganda kwa mabaka, kwa vishimo,
kwa michirizi myeupe kama jasho lililokaukia shati.

Na kila tabaka lina saa yake.
Ukiwahi, rangi zinaingiliana, unapata tope.
Ukichelewa, zinakaa pamoja bila kushikana,
majirani wasioamkiana,
na siku moja unagusa tu, pu! zimeachana.
"Bonyeza. Iwe kama hapa,"
akalishika sikio langu, pale chini penye nyama.
Vidole vyake vilinuka asali.
Miaka kumi na moja, hakuwahi kunigusa hivyo.

La kwanza manjano, nta ya nyuki wa marehemu Liudvikas.
La pili kijani.
La tatu tulitaka jekundu, nalo halikutosha.
Akaenda chumbani, akarudi na kitu ndani ya gazeti.
Nilikijua kabla hakijafunguliwa:
mshumaa wetu wa harusi,
tarehe bado ya dhahabu ubavuni,
ule niliodhani Rimvydas aliutia jaani.
Hakuniuliza. Aliukatakata kwa kisu cha mkate,
akadondosha kipande kipande koponi,
na tarehe ikaelea, ikajikunja, ikazama.
"Nta ni nta," alisema.
Nikakoroga.

Siku ya Marehemu Wote tuliupeleka kwa Liudvikas,
tukaufunika kwa chupa ya kachumbari isiyo na kitako.
Kilima kizima kilikuwa kinawaka.
Wako wanaosema mshumaa hujimaliza kwa ajili ya wengine.
Wetu haukuonyesha kujali mtu. Ulitoa moshi,
ukapiga chafya, ukatulia.
Umepinda. Kati ya kijani na nyekundu
pana ufa mwembamba kama unywele:
nilichelewa dakika mbili, nilikuwa bafuni.

Nilikuwa karani wa hesabu kiwandani, siachi kuhesabu.
Tumewasha saa kumi na moja jioni.
Tabaka la juu, jeupe, litachukua saa tisa.
Jekundu litafikiwa saa nane za usiku,
lango limefungwa,
wa kulitazama hayupo.

Nilitaka kumwambia. Yeye alikuwa ameinama
anakwangua nta iliyomwagika juu ya jiwe la jirani,
anaitia mfukoni.
"Kesho," alisema, "leta pakiti mbili. Za lita."