Sifuri ya Muhanna

Jioni, kwenye duka la matairi la Ghassan, hapa Ibra,
kahawa ikizunguka, tende za khalasi zikigandana sahanini,
hawachoki kubishana: katika mpira wa vyuo
nani alicheza mchezo mmoja usio na mwenziwe?
Sohar wana mtu wao, alitia sita,
la sita kwa kisigino, na homa juu.
Sur wana yule mrefu, alicheza dakika tisini
siku ya harusi yake, hina haijakauka kiganjani.
Mimi nanyamaza. Napapasa mfuko wa kanzu.
Karatasi ninayo.

Nilikuwa karani wa mchezo. Kalamu ya buluu,
dawati la shule, mwavuli wenye jina la benki.
Tuliwafuata Nizwa kwao, mwezi wa Mei,
nyasi za plastiki zinafuka kama kikaango.
Kumi na mmoja tu tulikwenda, wa akiba hakuna,
wengine wamezuiwa na mtihani wa hesabu.
"Kumi na mmoja ndiyo timu," akasema Muhanna
akivaa soksi mbili zisizojuana.
"Wa kumi na mbili ni mzigo wa basi."

Beki wa kushoto. Mwembamba,
bibi yake humwita Ufito.
Huyo Bi Zayana, mzaliwa wa Wete,
hakupanda basi, magoti hayataki,
lakini simu yake ilikuwa sikioni mwangu
toka filimbi ya kwanza:
nimsimulie, tena kwa Kiswahili,
Kiarabu cha mpira kinamwendea mbio.

Dakika ya kumi na tisa
golikipa wetu Barghash akavunjika kidole.
Nani atakaa golini? Kila mtu akatazama viatu vyake.
Muhanna akanyoosha mkono
kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi sura yake.
Glovu pana, akazikaza kwa kamba za viatu.
Barghash akapelekwa winga, mkono kifuani,
ungedhani yumo katika sala.

Nizwa wakaja.
Wa kwanza akaupangua kwa ngumi.
Wa pili kwa goti.
Wa tatu sijui kwa nini, nadhani kwa uso,
maana damu niliiona.
"Kafunga?" Bi Zayana akauliza.
"Kafunga, bibi. Kafunga mlango."

Wakaja tena, na tena, na mimi
pembeni mwa karatasi nachora vijiti,
kila mpira aliouzuia kijiti kimoja,
mpaka vikafanana na ua wa makuti.

Halafu penalti. Mpigaji wao, Qahtan,
mtu wa mapaja, hajapata kukosa.
Makipa wote huruka, huku au kule.
Muhanna akasimama katikati, kimya,
na mpira ukamjia katikati, tumboni,
akaukumbatia kama mgeni wa Idi.
Uwanja ukamwita mwerevu.
Mimi aliniambia kwenye basi:
"Nilichoka, ndugu yangu. Kuruka ningeruka na nini?"

Dakika ya tisini na tatu, kona.
Mpira ukagonga mgongo wa Barghash
ukaingia taratibu, kama mtu aliyesahau kitu ndani.
Moja bila.

Refa akaona vijiti vyangu, ishirini na saba.
"Futa. Hayo hayana safu."
Nikaandika karatasi nyingine, safi, nikampa.
Nambari tatu, Muhanna bin Nasir, beki.
Mabao: sifuri.
Ile yenye vijiti nikaikunja mara nne.

Simuni kimya kirefu. Kisha Bi Zayana:
"Basi mwambie aje ale. Boko boko lipo."

"Na nyinyi Ibra mna nani?" wananiuliza leo.
Natikisa kikombe, kahawa yatosha.
Kona ile, juu ya tairi la lori,
mwenyewe amekaa, pua imepinda kidogo,
anawatetea Sohar kwa mikono miwili:
"Sita, bwana! Nyie mnajua sita?"