Wasaa

Kamusi niliikuta stoo, chini ya majembe,
siku naandika daftari la vifaa:
majembe arobaini na moja, mipini thelathini,
kamusi moja, ya nani haijulikani.
Mchwa wameila mpaka katikati ya S
wakaishia hapo, sijui walishiba au walichoka.

Shule.
Neno tumelitamka mpaka limeota sugu.

Kengele yetu hapa Ng'ambo ni kipande cha reli
kinaning'inia kwa waya;
ukikigonga na nondo, Isevya nzima inajua ni saa ngapi.
Reli ilikuja na Mjerumani,
na neno lake likashuka behewa lilelile, Schule,
halina tiketi, halina wa kulipokea.
Babu mzaa babu yangu, Msabila, alilisikia kama amri.
Alitoka kurina Sikonge, mkono umevimba nyuki,
akaambiwa peleka mtoto shule.
Akadhani ni jina la ugonjwa.

Mwalimu mwenzangu Ndabarushimana, mzaliwa wa Ulyankulu,
anasema kwao ni ishure, mpaka leo.
Mbelgiji alikuja na ekol yake,
akakaa miaka arobaini na ushee, akaondoka nayo.
Unguja wakachukua skuli ya Mwingereza.
Shemeji yangu wa Uvira hana habari na wote hao:
watoto, anasema, wameenda ku masomo.

Nikafuata kidole. Mjerumani alilitoa kwa Mrumi,
schola. Mrumi alilitoa kwa Mgiriki, skhole,
na hapo, pembeni mwa tundu la mchwa,
maana ya kwanza kabisa:
mapumziko. Muda usio na kazi. Wasaa.

Nilicheka peke yangu, panya akakimbia.
Mapumziko!
Na fimbo iko nyuma ya mlango,
na zamu ya maji, zamu ya kuni, zamu ya kufyeka.

Halafu kicheko kikanikauka.
Ili mmoja akae kivulini akiuliza nyota ni nini
mwingine alikuwa kisimani.
Kamusi haisemi hivyo. Mji huu unajua bila kamusi:
waliopita Kwihara na pembe mabegani
walikuwa wamebeba wasaa wa watu.

Jumatatu, kipindi cha saba, kidato cha pili.
Nafundisha ngeli. Shule, nasema, iko I–ZI:
shule moja, shule mia, neno halibadiliki,
kama mgeni aliyeingia ndani asivue viatu.
Naona macho yote yameniacha, yanaangalia dawati la nyuma.
Kalunde amelala,
shavu juu ya daftari, vidole vyeusi
kwa utomvu wa tumbaku ya mjomba wake.
Darasa linasubiri fimbo. Linaisubiri kwa hamu, niseme ukweli.

Nikashusha sauti.
Nikaendelea na ngeli kwa kunong'ona,
na wao, sijui kwa nini, wakanijibu kwa kunong'ona,
watoto hamsini na wawili wakinyambua wingi
kama watu walio chumba kimoja na mgonjwa.

Mwalimu wa zamu, Kapela, akachungulia dirishani.
Huyo vipi?
Huyo, nikamwambia, ndiye pekee aliye shuleni.
Hakuelewa. Akaandika jina lake.

Reli ikalia.
Kalunde akaamka kama aliyeitwa na polisi,
akasimama wima, akaniamkia.
Wino ulikuwa umehamia shavuni:
neno zima, limegeuka,
linasomeka kuanzia mwisho kurudi mwanzo.
Nikasema, kanawe uso.
Akainama kutafuta ndoo chini ya dawati.
Nikachote, mwalimu?