Mpita Njia

Kwenye filamu alipita sekunde tatu
nyuma ya shujaa, Kingston, beseni la samaki kichwani.
Hawakumlipa. Walimpa soda.

Leo Icilda Pinnock, miaka sabini na tisa,
kakaa safu ya kumi, ukumbi wa Birmingham,
koti hajalivua.
Besi ya rege inamgonga mbavuni
kama mdai kodi.

Shujaa wa jukwaani ni kijana wa Handsworth:
anajua kukimbia,
hajui kukimbizwa.

Ikafika ile ya sokoni. Icilda akahesabu moja, mbili—
nyuma ya shujaa hakupita mtu.

Akainuka. “Nipishe, mwanangu.”
Magoti kwa magoti, mkoba kichwani,
akaikatiza safu nzima
polepole.

Mtu akasonya. Hakugeuka:
aliambiwa asitazame kamera.