Hesabu Mpaka Kumi

Bi Sulhiya huja Wete kila Alhamisi ya pili,
mkoba begani, viatu vyekundu kwa udongo wa Chasasa,
na jambo la kwanza aliloniambia halikuwa la ndugu yangu,
lilikuwa langu: "Wewe, Bikombo, unamjibia."

Namjibia. Nani mwengine amjibie?
Miaka ishirini na sita nimekuwa ulimi wa Shaame.
Akikunja shingo, nasema: jua linamchoma.
Akivuta kanga yangu: chooni.
Akiguna kama jiwe la kusagia,
namgeukia mgeni: samahani, kachoka, njoo kesho.
Majirani walikuwa wakishangaa,
"Huyu kajaaliwa, anasoma maandishi yasiyo herufi."
Nami, Mungu anisamehe, nilipenda kusifiwa.

Ubao wa picha alioutoa mkobani ulikuwa wa watu wengine:
tufaha, mbwa kitandani, mtoto kwenye theluji.
Shaame aliutazama
kama mtu anavyotazama bili ya umeme ya jirani.
Tukaugeuza. Nyuma yake tukachora wetu kwa kalamu ya wino:
pweza, birika, feni, mlango,
mimi (kichwa kama papai),
Baba na baiskeli yake,
na maneno madogo ambayo Bi Sulhiya aliyang'ang'ania,
bado, tena, sitaki, wapi, muongo.
"Asiyeweza kusema sitaki," alisema,
"hata ndiyo yake si yake."

Kisha sheria: uliza, halafu funga mdomo.
Hesabu mpaka kumi, moyoni, bila ya kumshika mkono.

Hujui urefu wa kumi.
Moja, nzi ametua kwenye mdomo wa birika.
Mbili, tatu, kidole cha Shaame kinatetemeka, kinapanda,
nne, kinaanguka.
Tano, nikaropoka, "Anataka chai!"
Bi Sulhiya akanitazama tu.
Tukaanza upya.

Kuna kitu sijakwambia.
Tangu Mfunguo Mosi, kila baada ya alasiri,
Shaame hugonga mlango kwa kifundo cha kidole, mara tatu,
yeye yumo ndani.
Nilitafsiri: njaa.
Nikampa muhogo wa nazi, akala
(nani anakataa muhogo wa nazi?)
nikasema, mnaona, namjua.

Alhamisi ile akagonga. Nikainuka kwenda jikoni.
"Kaa," alisema Bi Sulhiya. "Muulize."
Nikamuwekea ubao mapajani. Nini, Shaame?
Sita. Saba. Jasho linanitiririka mgongoni.
Nane, mkono unapanda kama umebeba ndoo,
tisa,
kumi ikapita, kumi na tatu, nikapoteza hesabu,
kidole kikatua penye baiskeli.
Baba.
Kikaburura, kikampita pweza, kikanipita mimi,
wapi.

Hatukumwambia, unaona.
Siku ya maziko tulimpeleka kwa shangazi,
tukasema hatofahamu, tusimtie fazaa.
Miezi mitano amegonga
vile vile Baba alivyokuwa akigonga akirudi kazini,
na mimi nimemjaza mihogo kinywani.

Nikafungua mdomo. Mimi, ulimi wa nyumba.
Ubaoni hamna mraba wa neno lile, hatukulichora.
Bi Sulhiya alikuwa ameinamia kalamu yake,
anaifunga, anaifungua.
Shaame akanitazama.
Hakunishika mkono. Hakunimalizia.
Akangoja, wallahi, kama aliyefundishwa,
moja,
mbili,
sijui alifika ngapi.