Nani Anacheza Saa Nane za Usiku

Mwalimu Thackray amenipigia simu alasiri,
bado nina glavu, harufu ya samaki imenipanda hadi kwenye kope.
Anasema taratibu, kama anayemlisha mtoto uji wa moto,
maana anajua Kiingereza changu ni cha kuungaunga:
"Mama Ombeni, kompyuta yetu inaona.
Darasani, saba mara sita inamkwamisha,
anatazama dari, anatafuna mkono wa sweta.
Lakini nyumbani, kwenye ule mchezo wa ngoma,
saba zote amezipiga, hakukosa hata moja.
Saa nane za usiku.
Nani anacheza saa nane za usiku?"

Nyuma yangu mashine inakohoa barafu.

Mwalimu, zamu hutoka saa nne.
Basi hunishusha Barabara ya Hessle saa tano,
na mvua ya Hull haishuki, inapita ubavuni.
Naikuta tableti ya shule mezani, ingali na joto,
na yule pweza wa katuni, mikono minane, ngoma nane,
ti-ta, ti-ta, namba zinadondoka,
uigonge ya haki kabla mdundo haujageuka.
Nilitaka kuizima tu.
Kidole kikagonga. Pweza akacheka. Nikaketi.

Saba, kumi na nne, ishirini na moja:
mbona hizi nazijua?
Trei moja, vipande saba. Miaka mitatu
mikono imevihesabu, mimi nikiwaza mengine:
kodi, meno ya Ombeni, kaburi la mama nisilolifikia.
Arobaini na mbili ni trei ya sita,
hapo mkanda husita kidogo
na Grazyna wa upande wa pili hupiga chafya.
Sikujua kwamba ile ni hesabu.
Nilidhani ni uchovu.

Nyota zikamwagika kiooni: Hongera, Ombeni!
Nikaona haya, kama mtu aliyekula chakula cha mwanawe.
Usiku uliofuata nikarudi.

Kisha nikafungua mlango wa herufi, nikagonga mwamba.
Pweza anaimba neno, wewe ulijenge.
Anaimba "kisu" kwa lugha yao,
naandika nilichosikia, anatikisa kichwa:
kuna K pale mbele, imekaa, haisemi neno.
Kwetu herufi ikija kazini inafanya kazi.
Huku nyingine zimeajiriwa kunyamaza!
Nami niliacha shule darasa la pili, vita ikiwa mlangoni;
sikufika hapa na cheti,
nilifika na mtoto mgongoni.

Hayo yote sikumwambia.
Nilisema: "Ni mimi. Samahani."
Simu ikanyamaza. Nikahesabu trei mbili.
Halafu akacheka, si kwa kunicheka,
cheko la mtu aliyeokota funguo zake mwenyewe.
"Basi mfundishe saba," akasema,
"naye akufundishe hizo K."

Jumamosi, Ombeni na kijiko, mimi na kifuniko cha sufuria.
"Trei ya tano?"
"Mama, mimi sifungi samaki!"
Lakini kijiko chake kinapiga. Thelathini na tano,
mkanda unasita, najifanya Grazyna, napiga chafya,
"Arobaini na mbili!"
Jirani wa chini anagonga dari yake,
anatuharibia mdundo, tunaanza upya.

Hamsini na sita bado humponyoka.
Nami jana niliandika "goti" bila K yake,
akanitazama kwa huruma ya mwalimu mkuu.

Leo shule imenifungulia akaunti.
Pweza anauliza: Unaitwa nani?
Nagonga kwa kidole chenye chumvi,
moja, moja, nisikosee:
N, a, b, i, n, t, u.
Nazihesabu. Saba.
Na hakuna hata moja iliyonyamaza.