Raba za Rangi ya Ndimu

Duka letu liko chini ya ardhi, kituo cha treni, Busan,
mahali ambapo mchana na usiku ni taa ileile.
Nimeuza raba hapa miaka tisa
na nakuapia: mguu ndio wa mwisho kuulizwa.
Huanza jicho.
Jicho likinasa, mkono hufuata,
kisha pochi, kisha, shingo upande, kidole gumba.

Jana aliingia mzee Tak Byeong-ho,
koti lake likinuka dawa ya kuchua goti.
Akazipita nyeusi, akazipita za kijivu,
zile za watu wenye adabu,
akagota mbele ya jozi ya rangi ya ndimu
yenye mstari mmoja mwekundu
uliotoka kisiginoni umejilaza
ukainuka ghafla karibu na ncha,
kama nyusi ya mtu aliyesikia jina lake.

Kiatu kimetulia juu ya rafu.
Mstari unakimbia.

Alikigeuza. Hakutazama bei.
Alipitisha ukucha pale soli inapokutana na ngozi,
polepole, kama anayetafuta kovu lake
kwenye mwili wa mwingine.
"Gundi hii ni ya mashine," akasema.
"Sisi kule Sasang tulipaka kwa brashi.
Miaka kumi na minane, mguu wa kulia tu.
Wa kushoto ulikuwa wa meza ya kina Geum-ja."
Akacheka kidogo.
"Na huu mstari najua kwa nini wameupinda.
Mchoraji alituambia: ukiulaza, kiatu kinasinzia;
uinue upana wa kidole, mtu atajiona kijana."

Najua, alisema. Najua.
Na bado masikio yalimwiva
kama ya mvulana aliyekutwa akichungulia.

Daktari kamkataza kukimbia.
Nikapiga magoti, nikamfunga kamba,
akasimama mbele ya kile kioo kifupi
kinachoonyesha watu kuanzia magotini kwenda chini,
kioo kisichojua mvi.
Dakika nzima, kimya.
Kisha akavua wa kushoto, akaushika kwa mikono miwili.
"Kumbe mnafanana," akauambia.

Alilipa kwa noti zilizokunjwa mara nne.
Viatu vyake vya zamani vikaingia boksini.
Kwenye ngazi alishika ukingo kama kawaida yake,
ngazi moja, pumzi,
ngazi moja, pumzi,
na ule mstari mwekundu umemtangulia,
haumsubiri.