Midomo Miwili ya Msaji

Kiinua mgongo changu kiliponifikia
mgongo ulikuwa umeshapinda,
nikaona heri niinue masikio.

Nikapanda baiskeli hadi Barabara ya Kumi na Sita,
kwa Hiza, fundi wa vitanda na majeneza,
nikamtandikia mchoro juu ya meza ya randa:
spika mbili, kila moja na mdomo
mpana kama sinia la pilau ya watu wanane,
na koo jembamba la kupitisha kidole gumba.

Hiza akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.
"Hili tarumbeta au dema?"
Nikasema ni nyumba ya sauti. Inazaliwa ndogo,
inalelewa humo polepole, inatoka mtu mzima.
"Inanenepa kwa kipimo gani?"
Kila inchi tisa, nikamwambia, upana wa tundu
unajizidisha: mbili, nne, nane, bila huruma.
"Aaa," akasema, "kama mkopo wa kausha damu."
Tangu hapo hakuniuliza hesabu.

Mbao zilitoka Muheza, msaji wa Longuza,
zingali na jasho. Tukazingoja miezi mitatu
zikauke uvunguni mwa kitanda chake,
mkewe akilalamika kwamba analala juu ya msitu.

Wangu hakulalamika. Alinyamaza,
na kunyamaza kwa Mwanamkasi kunasomeka toka mbali.
Kila mvua iliponyesha alisogeza ndoo ya kukinga
hatua moja karibu na kiti changu.
Bati ishirini na nne, alikwisha piga hesabu,
ndizo nilizozigeuza kuwa midomo.

Ngoda, kijana wa Hiza, akapiga msasa kwa ndani,
mkono mzima hadi kwapani,
kama anayemzalisha ng'ombe.

Mkokoteni ulipopita Barabara ya Nane
wacheza bao wakasimama, kofia mkononi.
"Nani katangulia?"
Hiza akajibu bila kugeuka:
"Hajafa mtu. Anafufuliwa."
Nikaona haya; sikuwa nimeahidi hayo.

Nyumbani mlango ukakataa. Inchi mbili.
Fundi aliyepima mpaka unene wa gundi
hakupima mlango,
nami mwenye mlango sikumwambia.
Mwanamkasi akaleta nyundo mwenyewe:
"Ukimla nguruwe, chagua aliyenona. Ng'oeni."
Tukang'oa fremu. Vumbi la chokaa
likatua juu ya vanishi mbichi; liko hapo hadi leo.

Usiku nikawasha amplifaya ya taa,
wati nane tu, nyuzi zikaiva
kama sigara gizani.
Sikuweka santuri. Niliweka utepe
ulionaswa klabuni Ngamiani mwaka wa uhaba wa sukari
na mtu aliyeficha maikrofoni kapuni.
Kwenye redio yangu ya zamani utepe huo ulikuwa uji:
udi, fidla, makofi, chungu kimoja.

Sasa udi ukakaa kushoto, usawa wa kabati.
Fidla ikasimama nyuma yake, haina haraka.
Kiti kikalia, nikageuka kutazama viti vyetu.
Na kabla ya kiitikio, kulia, mbali kidogo,
mwanamke akakohoa mara mbili, akavuta hewa puani
kama anayenusa iwapo wali umeungua.

Mwanamkasi alikuwa na ndoo mkononi.
"Shangazi Mwanakombo."
Wimbo alikuwa akiujua miaka yote.
Kikohozi ndicho hakuwa nacho.
"Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha."
Mara ya tano akasema zima,
usimchoshe.

Akaitua ndoo mahali pake pa zamani,
hatua nne kutoka kitini pangu.
Kisha, toka chumbani, taa imeshazimwa:
"Na kesho umwulize huyo Hiza
kama anajua kuezeka."